Vikate vya Mwezi wa Ziada

Kikate cha kwanza kilitawanyika ndani ya samli kikawa makombo. Mshonaji aliyaopoa kwa kijiko chenye matundu, akayaweka kando, akashusha pumzi. Mchele ulikuwa umelowekwa siku tatu, maji yakibadilishwa kila asubuhi. Ukaanikwa kivulini juu ya shuka, ukasagwa, ukachekechwa, ukakandwa na sukari guru, kisha ukafungiwa kwenye kopo siku tano nyingine. Siku nane za kazi, na kitu chenyewe kikitaka kuharibika hakikuagi. Alipunguza moto, akaweka cha pili.

Hicho kilikubali. Kilitulia katikati ya samli, na vitundu vikaanza kufunguka usoni mwake kimoja kimoja. Vikate hivi havigeuzwi, huchotewa samli ya moto kwa juu mpaka viive, na anayeona uvivu kusimama na kuchota basi akanunue biskuti. Alihitaji vikate thelathini na vitatu, wala si thelathini na viwili na kipande.

"Kwa hiyo umeamua," alisema mumewe kutoka chumba cha mbele. Alikuwa fundi saa, na meza yake ya kazi ilitazama mlango wa jiko, kwa hiyo hakuna kilichopikwa katika nyumba ile bila yeye kukiona. Kioo cha kukuzia kilikuwa kimebanwa kwenye jicho lake la kulia. La kushoto ndilo lililokuwa likimwangalia mkewe.

"Niliamua tangu mchele ulipoingia majini."

"Na kuhani alikwambia nini?"

"Alisema mzazi ambaye binti yake hayupo apeleke vikate hekaluni."

"Basi hekalu liko karibu. Unavuka barabara tu."

"Hekaluni hakuna mjukuu wangu," mshonaji alisema, akachota samli.

Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua, na kila inapokaribia miaka mitatu Wahindu huongeza mwezi mzima ili kalenda isipotee njia. Mwezi huo hauna mwenyewe. Ndani yake ndoa hazifungwi na hakuna anayehamia nyumba mpya. Wazee husimulia kwamba miezi mingine yote iliukataa, mpaka Vishnu mwenyewe alipouhurumia akaupa jina lake. Tangu hapo ukawa mtakatifu kuliko ile iliyoucheka. Watu hufunga, hula mlo mmoja, huwasha taa kila siku. Na kwa watu wa mshonaji kuna jambo moja zaidi: wazazi wa binti aliyeolewa humpelekea mkwe wao vitu thelathini na vitatu kwenye sinia lenye taa. Mkwe na mkewe huketishwa pamoja mkekani, wakaoshwa miguu kama Vishnu na Lakshmi. Siku hiyo mkwe ni Mungu, hata kama siku nyingine ni mtu wa kukoroma na kusahau kulipa fundi bomba.

Mwezi wa ziada uliopita binti yao aliketi kwenye mkeka huo, mtoto mapajani. Miezi mitano baadaye alikufa kwa homa ya siku nne. Mkwe alikaa mwaka mmoja na kitu, akaoa. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Lakini tangu siku ile mtoto hakuletwa tena kwa babu na bibi, kwa sababu kila walipouliza waliambiwa, kwa upole sana, kwamba aachwe kwanza azoee. Alikuwa akizoea kwa mwaka mzima sasa. Na mshonaji, ambaye kila siku alishona sare za watoto wa watu, alikuwa amefika mahali pa kupima gauni la mteja na kujiuliza kama Nukta, mjukuu wake, naye amefikia kimo hicho.

"Zawadi ya mwezi huu haikataliwi," alisema sasa, kana kwamba mumewe hajui. "Akikataa ni kosa kwake. Lazima afungue mlango."

"Unaifanya dini bisibisi, mama. Unataka kufungulia milango ya watu."

"Nipe ufunguo, nitaacha bisibisi."

Fundi saa alirudi kwenye saa yake. Baada ya muda alisema, bila kuinua kichwa, "Mimi siendi kumwosha miguu mtu aliyeoa wakati sisi bado tunalia. Usiniombe."

"Sijakuomba."

Hakuwa amemwomba, na hilo ndilo lililomuuma mzee siku nzima.

 

Sinia la taa haliwekwi chini njiani. Mshonaji alitembea nalo mtaa baada ya mtaa, shaba ikimkata viganja, kitambaa chekundu kikifunika vikate na taa ambayo bado haikuwashwa. Alipofika kwenye geti aligonga kwa kiwiko.

Msichana wa kazi alikuwa mgeni, hakumjua. Alichungulia, akaona mama mzima mwenye jasho na kitu kilichofunikwa.

"Leo hatununui," alisema.

"Siuzi. Mwambie mama mwenye nyumba, mama yake..." Akakwama. Mama yake nani? "Mwambie ni mke wa fundi saa."

Alisubiri hapo nje karibu robo saa, amesimama, watu wakipita. Kisha akaja mama wa mkwe mwenyewe, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Funguo, kwa sababu funguo za kabati, za ghala na za duka la vigae zilining'inia kiunoni mwake na alisikika kabla ya kuonekana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na watu wa utaratibu wanaweza kukuumiza kwa heshima kabisa.

"Dada, karibu. Mbona hukupiga simu?"

"Mwezi huu sinia ndilo linalopiga hodi."

Mama Funguo alitazama kitambaa chekundu, akaelewa, na uso wake ukabadilika kidogo. "Ingia," alisema.

Sebuleni kulikuwa na mtoto akipanga vipande vya vigae sakafuni kwa rangi. Alikuwa amerefuka. Nywele zilikuwa zimesukwa kwa mkono mwingine, vizuri, na mshonaji alichukia kuona kwamba zilikuwa zimesukwa vizuri. Jina la Nukta alipewa na babu yake siku alipozaliwa, kwa udogo wake.

"Nukta, msalimie bibi," alisema Mama Funguo.

"Shikamoo," alisema mtoto kwa adabu ile ile anayosalimia wageni wote, akarudi kwenye vigae. Mshonaji aliitikia marahaba na sauti ikamtoka vizuri. Hata yeye alishangaa.

Sinia likawekwa mezani. Mama Funguo akafunua kitambaa, akaanza kuhesabu vikate kwa ncha ya kidole, midomo ikicheza, mbele ya aliyevipika. Alipofika thelathini na tatu alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vitundu vimetoka vizuri. Siku hizi wanawake wananunua tu madukani." Akafunika tena. "Lakini hapa tuna tatizo, dada. Unajua mwenyewe. Hii hapewi mwanamume peke yake. Ni wawili. Sasa nani atakaa kushoto kwake?"

"Nilifikiri akae mwenyewe."

"Vishnu bila Lakshmi? Nyumbani kwangu, mwezi huu?" Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza kwamba mlango hufunguka kwa ndani. Kisha akapaza sauti kidogo kuelekea jikoni. "Na huyu mke wake naye. Zimebaki siku sita mwezi uishe, hajaletewa hata ndizi moja. Majirani wananiuliza, wakwe zenu wapya wako wapi? Niwajibu nini? Niseme alilelewa na shangazi na shangazi amesahau?"

Jikoni mtu alikuwa akikoroga kitu. Kijiko kilinyamaza, halafu kikaendelea taratibu.

Mshonaji hakujua habari hiyo. Kwa mwaka mzima alikuwa amemtengeneza mke mpya kichwani mwake, akampa baba tajiri, mama mwenye maneno, ndugu wanane wa kumtetea. Kumbe hakuwa na mtu. Nusu yake ilifurahi, na nusu ya pili ikaionea aibu ile ya kwanza.

Mkwe aliitwa kutoka dukani. Aliingia na vumbi jeupe la vigae mpaka kwenye nyusi, akamwona mshonaji, akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Wakati ule alipokuwa mkwe wake kweli alikuwa akimtania kuhusu chumvi ya mapishi yake. Sasa hakujua aweke wapi mikono.

"Mama. Haikuwa lazima."

"Najua haikuwa lazima."

"Baba hajambo?"

"Yupo. Ana kazi."

Wote watatu walitazama sinia. Mshonaji alifikiria kulibeba na kuondoka. Angepita hekaluni, angempa kuhani, angekuwa ametimiza na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Nukta alikuwa pale sakafuni, hatua nne kutoka kwake, akiweka kigae cha buluu juu ya cha buluu, na hakuna hekalu lililokuwa na hicho.

"Mwite mke wako," alisema.

 

Alitoka jikoni akifuta mikono kwenye nguo. Alikuwa mdogo kuliko mshonaji alivyodhani, na macho yake hayakupanda juu zaidi ya sinia. Aliketi mkekani kushoto kwa mumewe, kwenye pembe kabisa, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake na anatarajia kuambiwa anyanyuke.

Taa ikawashwa. Mshonaji alipiga magoti akaosha miguu ya mkwe, maji yakawa meupe kwa vumbi. Akawapaka wote wawili alama nyekundu kwenye paji la uso. Kisha akavuta beseni upande wa kushoto.

Ilikuwa miguu midogo yenye visigino vilivyopasuka, na juu ya kidole gumba palikuwa na kovu la mafuta ya moto. Mke mpya aliivuta nyuma kidogo.

"Mama, si lazima uniguse," msichana alinong'ona. "Wewe mwagia tu."

"Tulia, mwanangu. Maji yanapoa."

Neno lilimtoka kama linavyomtoka mtu mzima yeyote kwa kijana yeyote. Lakini Nukta alikuwa ameacha vigae. Alikuwa amesimama nyuma ya beseni, akitazama kwa makini.

"Kwa nini unamwosha mama miguu?"

Mama Funguo ndiye aliyejibu, kwa sababu kueleza utaratibu ilikuwa kazi yake. "Mwezi huu mama anakuja kumwosha miguu binti yake na mumewe. Ni heshima."

Mtoto alifikiri. Alimwonyesha mke mpya kwa kidole. "Kwa hiyo huyu ni mtoto wako?"

 Mkwe alitazama miguu yake iliyolowa. Funguo za Mama Funguo, ambazo hazikuwahi kutulia, zilitulia. Msichana alifumba macho, machozi yakapita chini ya kope, na mshonaji akaelewa kwamba alikuwa akisubiri kuaibishwa na alikwisha kukubali.

Angeweza kusema hapana. Ilikuwa kweli, na ilikuwa haki yake. Lakini akisema hapana, binti wa watu angenyanyuliwa mkekani mbele ya mtoto anayemlea. Zawadi ingekuwa batili, yeye angekuwa mwanamke aliyekuja kuharibu, na geti lisingefunguka tena. Na akisema ndiyo? Alijua vizuri nani angefutika. Mtoto alikuwa na miaka miwili na kidogo msiba ulipotokea. Hakubaki na chochote kichwani, isipokuwa kile ambacho watu wazima wangempa.

"Ndiyo," alisema mshonaji.

"Ulimzaa wewe?"

"Nilimzaa mimi."

Nukta aliridhika. Alichuchumaa, akachovya vidole kwenye beseni, na kwa sababu kila mtu alionekana anaruhusiwa, naye akamwagia mama yake maji kwenye mguu.

Sinia likatolewa, likapokewa kwa mikono minne. Msichana aliinama kugusa miguu ya mshonaji, akakawia hapo chini kuliko inavyotakiwa. Alipoinuka alizungumza na mama wa mumewe.

"Mama, Jumapili ningependa Nukta aende kwa... kwetu. Kwa babu na bibi. Ukikubali."

Mama Funguo alishika funguo zake. Alikuwa mwerevu, hakuna kilichompita pale sebuleni. "Mtoto kwenda kwa wazazi wa mama yake, nani atakataza?" alisema. "Jumapili hii na zinazofuata. Ndiyo utaratibu."

Mkwe alimsindikiza mpaka mlangoni tu, akasema asante mara tatu. Ni mke mpya aliyemfikisha getini.

"Akikua tutamwambia," alisema haraka, kabla hawajasikika. "Mimi na wewe pamoja. Sitaki kumwibia mtu mama yake."

"Akikua," alisema mshonaji.

Njiani mikono ilikuwa mitupu na myepesi, akatembea nayo bila kujua aifanyie nini.

 

Fundi saa alisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia neno Jumapili alitoa kioo jichoni, uso ukamfunguka kama wa kijana. Aliposikia yaliyobaki alikirudisha.

"Umemzika mara ya pili," alisema.

"Nimemleta mjukuu wako."

"Kwa jina la nani?"

 Mshonaji alikuwa amejiuliza swali hilo kwenye kila kona ya barabara, hata njia ikamalizika bila jibu.

"Mimi siwezi kusema hivyo," mzee aliendelea. "Wewe umesema, umesema. Lakini mtoto akiniuliza mimi, nitanyamaza. Mdomo wangu hautatoa kitu hicho."

Siku tatu walikula mlo wao mmoja wa mfungo bila kuzungumza, taa ya mwezi ikiwaka kati yao. Si kwamba walikuwa watu wa maneno mengi kabla. Tangu msiba, fundi saa hakuwa amemtaja binti yake hata mara moja. Mtu akimtaja alichukua saa yoyote iliyokuwa karibu akaifungua. Mshonaji alikuwa amezoea kuomboleza peke yake katika nyumba ya watu wawili, ila kunyimwa hata kugombana kulikuwa jambo jipya.

Jumamosi jioni alipanda kwenye kigoda, akaiteremsha picha ya ukutani pamoja na shada lake la maua makavu. Aliifunga kwenye kanga, akaiweka chini kabisa ya robota la vitambaa vya sare. Mumewe alimwangalia kwa jicho la kushoto. Aliposhuka vibaya, mzee alinyoosha mkono akamshika kiwiko, kisha akamwachia.

 

Nukta aliletwa saa nne asubuhi na msichana wa kazi, ambaye safari hii alisalimia kwa kuinama. Mtoto alizunguka nyumba yote kwa dakika mbili. Alibonyeza kanyagio la cherehani, akafungua makopo ya vifungo, akasimama mbele ya saa za ukutani zilizoonyesha nyakati kumi na moja tofauti, akauliza ipi inasema kweli.

"Hakuna," alisema fundi saa. "Zote ni wagonjwa." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za juma hilo.

Mtoto alicheka, akakaa kwenye kitanda chembamba cha chumba cha pili, akajirusha kidogo kupima.

"Mama alikuwa analala hapa?"

Mshonaji alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa. "Alilala hapo. Kichwa upande wa dirishani."

"Alikuwa mtundu?"

"Sana."

"Alifanya nini?"

Mshonaji alitazama chumba cha mbele. Mgongo wa mumewe ulikuwa umeinama juu ya kazi, hausogei. Alianza, polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. "Siku moja tulimtafuta tangu asubuhi. Mtaa mzima ulimtafuta. Babu yako alikuwa ameletewa saa kubwa, zile ndefu za kusimama zenye mlango kama kabati. Kumbe mama yako ameingia ndani ya saa, amejifungia, amelala. Alikuwa na miaka sita."

"Ndani ya saa?"

"Ndani kabisa, na mbele yake pendulumu ikibembea."

Kutoka meza ya kazi kulisikika kioo cha kukuzia kikiwekwa juu ya mbao.

"Saba," alisema fundi saa.

Mshonaji aliichomeka sindano kwenye sare.

"Alikuwa na saba, si sita," mzee alisema bila kugeuka. "Na hakuwa amelala. Alikuwa anatusikia tunavyohangaika. Alikuwa na ndizi, anakula."

Nukta aliteremka kitandani, akakimbilia chumba cha mbele, akasimama kando ya meza, kidevu kikifika kwenye ukingo. "Babu, ulimpiga?"

Fundi saa alimtazama mtoto kwa macho yote mawili. 

"Sikumpiga," alisema. "Nilimwambia arudi ndani, nimtafute tena."

"Ukamtafuta?"

"Nilimtafuta. Nilitafuta chini ya meza, nikatafuta kwenye ndoo. Nilipitia pale kwenye saa mara nyingi sana, nikijifanya sioni. Alicheka mpaka saa ikagonga."

Mtoto alivuta kigoda, akapanda, akajiweka sawa. Mshonaji aliweka sare chini akaenda jikoni, ingawa ilikuwa siku ya mlo mmoja na hapakuwa na cha kupika. Alisimama huko, mkono juu ya jiko lililopoa, mpaka aliposikia mumewe ameanza kisa cha pili.